Hamsini kwa Kila Kaya

Kitongoji cha Mwabulugu,
Bonde la Momba,
kwa kupitia Dennis, mnunuzi wa mpunga, Tunduma.
14 Septemba 2002

Mdogo wangu Balthazar,

Salamu ulizotuachia Julai bado tunazo, nasi tunakurudishia zetu. Masumbuko kikohozi kimemwachia. Mwanangu Nesta amejifungua kule Mlowo, mtoto wa kike, mama na mwana wazima. Mvua bado, tunachimba visima mtoni kwa zamu. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu, maana unajua mkono wangu haukuizoea.

Jumanne iliyopita tuliitwa mkutanoni. Alikuja bwana mmoja na gari jeupe, ana kitabu chenye jalada la kijani. Osea, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akampa kiti. Yule bwana akafungua kitabu, akasema bonde limeelemewa na mifugo, utafiti umethibitisha, na kuanzia sasa kila kaya inaruhusiwa ng'ombe hamsini. Wa ziada wauzwe mnadani au waondolewe bondeni ndani ya siku sitini. Watu waliponung'unika akainua kitabu juu. "Hizi si namba zangu," akasema. "Ni zenu wenyewe. Mlizitoa kwa hiari mwezi wa saba."

Watu hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Unakumbuka mlipofika, wewe na watafiti wenzako? Siku mbili mlizunguka na madodoso yenu mkarudi nayo matupu. Sisi Wasukuma ng'ombe hatumtaji kwa hesabu mbele ya mgeni, nawe unajua. Ni mimi niliyejifunga kitenge nikapita mji kwa mji nikisema huyu si mgeni, huyu tumetoka tumbo moja, nimemlisha uji kwa mkono wangu mama alipofariki. Restuta, yule mjane wa karibu na josho, aliniuliza, "Kabula, unamdhamini?" Nikamwambia namdhamini. Akakupa hesabu yake yote, tisini na wanne, hakubakiza hata ndama.

Nijibu kwa maneno mafupi. Nani aliandika hamsini? Na kwa nini ulinyamaza ukijua kitabu hicho kinakwenda wapi?

Dada yako,
Kabula Makene


Dar es Salaam,
27 Oktoba 2002

Dada Kabula, shikamoo.

Barua yako imenikuta nikirudi kutoka Mtwara, ambako tulikuwa na kazi ya korosho kwa wiki tano, ndiyo sababu ya kuchelewa. Tumefurahi kwa habari za Nesta. Huku tunaendelea. Mke wangu Elina amehamishiwa shule ya karibu na nyumbani, afadhali sasa hapandi mabasi mawili kwenda kufundisha.

Nimesoma maneno yako mara mbili, nikaona kuna mambo hukuyaelewa, wala si kosa lako. Utafiti si amri. Sisi tulichunguza mifugo, ardhi na umaskini katika kaya mia tatu na kumi na mbili, kwa sababu Serikali inapanga namna ya kupunguza umaskini na inahitaji takwimu, si kubahatisha. Tulipendekeza njia za mifugo zipimwe, mabirika ya kunyweshea ng'ombe yajengwe mbali na mashamba ya mpunga, na josho lifufuliwe. Hayo yamo sura ya tano. Hamsini imetajwa mara moja tu, kwenye kiambatisho huko nyuma, kama mfano wa kupigia hesabu. Ripoti iliandikwa na watu saba. Nani aliweka mfano upi, siwezi kukumbuka. Kama kuna mkubwa aliyeruka sura ya tano akaenda kuchukua mfano kwenye kiambatisho, mlaumu huyo.

Isitoshe, ripoti haina jina la mtu. Restuta hayumo. Wewe humo. Zimo kaya tu.

Nikushauri jambo moja, kama mdogo wako. Usizunguke ukiuliza-uliza habari za namba. Zipo namba ambazo zikichokonolewa hazimfai mtu, na wewe hasa.

Msalimu shemeji Masumbuko. Mwambie nauliza habari za ng'ambo ya mto.

Wako,
Balthazar


Mwabulugu,
2 Desemba 2002

Balthazar,

Barua tumeipata. Dennis anasema ilikaa dukani kwake Tunduma siku tisa akisubiri gari la kushuka bondeni. Miili yetu ni mizima. Mvua imeanza.

Unasema hamkuandika majina. Vijana wako waliandika milangoni kwa rangi nyeupe: K 17, K 18, K 19. Tulidhani ni mambo ya siku ileile tu. Mgambo walipokuja, tarehe ishirini na moja, hawakuuliza jina la mtu. Walisoma mlango, wakasoma karatasi, wakatoa wa ziada.

Kwa Restuta ni K 18. Karatasi ilisema tisini na nne, kwa hiyo watoke arobaini na wanne. Akasimama langoni mwa zizi, akawaeleza kwa utulivu kabisa: "Wangu mimi ni ishirini na saba. Thelathini na sita ni wa wanangu watatu, kila mmoja ana mke na jiko lake. Thelathini na mmoja nimewekewa na shemeji yangu aliyeko Galula." Mkubwa wao akapekua karatasi. "Hapa pana mstari mmoja, mama. Mwenye mifugo ni mmoja, ni wewe."

Unaukumbuka mstari huo? Restuta alikuuliza wewe mwenyewe, mimi nikiwepo, awagawe vipi. Ukamwambia, "Weka jumla tu, mama, tutafafanua ofisini." Mlifafanua?

Wametembezwa siku nne hadi mnadani kwenye matope ya mvua za kwanza. Saba wamekufa njiani. Waliofika walinunuliwa kwa bei ya mbuzi, maana wanunuzi walijua hakuna mwenye ruhusa ya kurudi na ng'ombe nyumbani. Raphaeli, mwanawe mkubwa, alikuwa amalizie mahari ya mdogo wake mwezi huu. Wakwe wamerudisha maneno, wamesema binti ataolewa kwingine.

Kwangu ni K 17. Walisoma mlango, wakasoma karatasi, thelathini na nane, wakapita. Hawakukanyaga hata uani. Sijui kwa nini Mungu alituepusha. Ninachojua ni kwamba jirani zangu hawaji tena kuomba moto.

Hayo ya ng'ambo ya mto sikuyaelewa. Masumbuko naye hakuyaelewa.

Njoo usimame hapa uwasomee watu hiyo sura ya tano. Ukishindwa kuja, usijiite tena mdogo wangu.

Kabula


Dar es Salaam,
19 Januari 2003

Kabula,

Sisi wazima. Umeandika kwamba hujui. Basi ngoja nikukumbushe.

Tarehe kumi na sita Julai nilitoka kwako asubuhi kwenda kutazama kivuko. Nikavuka, maji yalikuwa ya magotini. Nyuma ya matete nikakuta kundi linakula. Masikio ya kushoto yamekatwa pembe mbili, mkato wa Masumbuko, mkato wa baba yake kabla yake. Nikawahesabu, ndiyo kazi yangu. Mia moja na watatu. Masumbuko akatoka kwenye majani, fimbo mabegani.

"Shemeji, umepotea njia," akasema.

"Sijapotea."

"Basi hujaona kitu."

Niliporudi kwako nikakukuta umeketi na mwenzangu mkijaza dodoso. Akakuuliza, "Ng'ombe wote wa kaya, popote walipo?" Ukasema thelathini na wanane, na uliposema ulinitazama mimi usoni. Mwenzangu akanigeukia. Nikachukua kalamu, nikaweka sahihi kwamba nimehakiki.

Kwa hiyo usinihubirie. Unaniuliza nilinyamaza kwa nini? Nilinyamaza kwa ajili yako. Kama ningeandika nilichokiona, mgambo wasingepita mlangoni kwako. Umelala salama miezi yote hii juu ya uongo wako na sahihi yangu, halafu unashika kalamu kunitukana!

Mwezi wa pili mwishoni ripoti inawasilishwa Arusha mbele ya wafadhili, na nimechaguliwa mimi kuisoma. Ukitaka uhakiki, sema. Watakuja, watavuka mto, na hao mia moja na watatu watapita njia waliyopita wa Restuta. Mimi nitafukuzwa kazi. Au tunyamaze wote wawili. Chagua, lakini Mungu usimtaje tena.

Elina anakusalimu. Hajui lolote kati ya haya, na asijue.

Balthazar


Mwabulugu,
3 Machi 2003

Balthazar,

Barua isiyo na shikamoo nimeiona. Mto ulifurika, Dennis hakushuka mwezi mzima. Niliisoma peke yangu shambani, nikaizika kwenye tuta la viazi.

Nakubali nilichosema. Ila usimsingizie Masumbuko, hakunituma. Ni mimi. Baba alitufundisha sote wawili kwamba mwenye mia humwambia mgeni thelathini. Nilidhani kila mtu angekata kidogo kama nilivyokata mimi, namba zenu zote zingetoka ndogo, nanyi mngerudi Dar es Salaam mkaandika kwamba bondeni kuna watu wa kusaidiwa. Hakuna aliyekata. Niliwaomba waseme kweli, wakasema kweli, kwa sababu niliomba mimi. Hilo ndilo linaloniamsha, wewe unaona linaniacha nilale.

Sasa sikia yaliyotokea. Watu walijua ninyi mliziandika hesabu, ila walikuwa wanamtafuta mwenyeji aliyezipeleka serikalini. Mimi nami walinishuku, lakini mimi ni Msukuma mwenzao, na mtu hupenda kwanza kumshuku wa mbali. Osea ni Mnyamwanga. Analima mpunga, na mwaka jana ng'ombe wetu waliingia shambani kwake mara mbili. Wakasema ndiye aliyetuchongea apate kutusafisha bondeni. Walisema hayo kisimani nikiwepo. Nilijaza ndoo yangu, nikajitwisha, nikaondoka.

Jumamosi Raphaeli alimkuta Osea akipalilia. Wakarushiana maneno, kisha likaja panga. Osea akakinga kichwa kwa mkono wa kulia. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki ya katekista, amebanwa katikati asianguke. Vidole vitatu vimekwenda. Kiganja chenyewe hawajui kama kitapona. Raphaeli amevuka kwenda Zambia. Siku ya pili vijana wa Kinyamwanga walisimama kwenye mpaka wa mashamba na silaha, wetu nao wakasimama upande huu. Wanawake wa pande zote mbili ndio tuliokwenda kuketi katikati mpaka wakachoka.

Nimekwenda kumwona Osea hospitalini. Akaniambia, "Mama Nesta, mimi hesabu zenu sikuwahi kuzijua. Ningezijuaje? Hata ng'ombe wenu siwezi kuwatofautisha." Nilikuwa nimempelekea uji. Nikatoka kwenda kumwomba nesi kijiko, na kijiko nilikuwa nacho mkononi.

Wewe umesoma. Niambie mtu anaanzia wapi kusema jambo kama hili.

Kabula


Dar es Salaam,
24 Machi 2003

Dada, shikamoo. Shikamoo tena.

Nimerudi kutoka Arusha. Ripoti ilipokewa vizuri, watu walisimama kupiga makofi, na fedha za awamu ya pili zimepatikana. Nakueleza hayo ili ujue ni kitu gani kitabomoka.

Pole nyingi kwa Osea. Lakini hilo ni shauri la polisi. Aliyeshika panga ni Raphaeli, si wewe wala si mimi. Ukianza kuyaunganisha mambo hayo mawili utawasha moto usioweza kuuzima, na wa kwanza kuungua atakuwa mumeo.

Umeniuliza mtu anaanzia wapi. Haanzi. Ukisimama mkutanoni ukanitaja, nitakana. Nitasema watafiti walidanganywa na mwenye kaya, jambo la kawaida katika kazi hizi, na karatasi ina jibu lako. Fikiria mwenyewe nani ataaminiwa.

Nimemtumia Dennis mabati ishirini ya kuezekea kwako, na dawa ya kidonda umpelekee Osea. Usimwambie imetoka kwa nani.

Ni mimi,
Balthazar


Mwabulugu,
14 Mei 2003

Balthazar Makene,

Mabati yako yako Tunduma kwa Dennis, hayakupakiwa. Dawa nayo imerudi huko. Nilimwambia Osea mwenye kuituma hataki kutajwa. Akasema hatajipaka dawa isiyo na mwenyewe.

Nimesema.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Osea amerudi, mkono umefungwa mpaka kiwiko, akaitisha mkutano wa wote, wakulima na wafugaji, kabla watu hawajauana. Wazee walizungumza sana. Mmoja wetu akasimama kusema tena kwamba Osea aape kuwa si yeye aliyetuchongea. Hapo nikainuka. Masumbuko akanivuta kitenge.

"Kaa chini, mwanamke."

"Nimekaa tangu Julai," nikamwambia.

Nikawaeleza. Nikasema hesabu zilichukuliwa na kupelekwa na mdogo wangu, na mimi ndiye niliyewaomba wazitoe, Osea hakuwahi kuiona hata moja. Nikasema na mimi mwenyewe nilidanganya. Kwangu si thelathini na wanane. Ni mia moja arobaini na mmoja, wengine wako ng'ambo ya mto, na ndiyo maana mgambo walipita. Sikulia. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikilia watanihurumia, nami sikustahili.

Restuta akainuka akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga, nikaweka mikono chini. Akaniuliza, "Ulipokuja kwangu kuniomba niseme kweli, ulikuwa umeshaamua wewe kusema uongo?"

Nikasema ndiyo.

"Asante," akasema. Akarudi akaketi. Afadhali angenipiga.

Osea alikuwa anautazama ule mkono. Mwishoni alisema mkutano umefungwa, watu waende nyumbani, na kila mtu apite njia yake bila silaha. Wakaenda.

Jumanne Masumbuko aliondoka. Amewaswaga kuelekea Rukwa wote mia moja na thelathini, akaacha kumi na mmoja walio wangu, uzao wa mitamba ya mahari ya Nesta. Aliniambia maneno matatu tu, sitayaandika. Wale kumi na mmoja niliwapeleka kwa Restuta kesho yake. Alifungua lango wakaingia, akafunga. Hakuniambia karibu.

Shambani kwa Osea napalilia Jumatatu na Alhamisi, maana jembe hawezi kulishika. Mkewe ananipa jembe. Hanipi kiti.

Unasema utakana. Kana. Nimeiandikia taasisi yako, barua imetangulia hii kwa basi. Nimeandika jina langu, K 17, na hesabu ya kweli. Nimeandika jina lako na kivuko, na kwamba ulivuka, ukahesabu, ukarudi ukaweka sahihi.

Nilikulisha uji, Balthazar. Sijutii uji. Najuta kukudhamini.

Kabula


Dar es Salaam,
15 Juni 2003

Dada Kabula, shikamoo.

Sijui kama utaifungua hii. Elina nimemweleza yote. Tangu hapo tunaongea habari za shule na za chumvi tu.

Barua yako ilifika ofisini. Mkuu wa mradi aliponiita, nilikuwa nimekwisha kufunga vitabu vyangu kwenye boksi. Akaisoma mbele yangu mpaka mwisho. Akaniuliza kama ni kweli. Sikukana, dada. Nilikuandikia kwamba nitakana, lakini nilipoona mwandiko wako nilisema ni kweli.

Akavuta kikokotoo. "Mia moja na watatu zaidi," akasema, "kwenye kaya mia tatu na kumi na mbili." Akabonyeza. "Theluthi moja ya ng'ombe kwa kaya. Haibadilishi wastani, Balthazar." Akaniambia niwe mwangalifu zaidi awamu ya pili. Nilimwambia kuna mtu amepoteza vidole. Akasema hilo ni la kusikitisha sana, lakini utafiti haukuuliza habari za vidole. Barua yako akaiweka kwenye faili. Nikarudi mezani pangu nikafungua boksi.

Nilitaka anifukuze. Angenifukuza ningejua nimelipa kiasi gani.

Kuna jambo jingine. Septemba uliniuliza nani aliandika hamsini, nikakujibu sikumbuki. Niliandika mimi. Mkuu alitaka namba moja ya mfano. Wenzangu walisema thelathini. Mimi nikasema hamsini, nikaitetea alasiri nzima kwa habari za majani na maji mpaka wakachoka. Sikuwa nawaza majani. Nilikuwa nawaza thelathini na wanane wako wabaki chini ya mstari. Restuta sikumkumbuka kabisa. Namba yake ilikuwa mbele yangu, kwenye ukurasa uleule uliokuwa na yako, na sikumkumbuka.

Agosti tunarudi. Nimeomba nipangiwe Momba. Nataka kuwaomba watu radhi ana kwa ana. Nakuomba nifikie kwako.

Mdogo wako, kama bado,
Balthazar


Mwabulugu,
20 Julai 2003

Balthazar,

Nesta yuko hapa na mtoto, amekuja kunisaidia kuvuna. Mtoto anatambaa. Masumbuko hajaleta neno. Raphaeli naye hajarudi.

Barua yako nimeisoma mbele ya watu, yote, hata ya Elina na chumvi. Mimi sisomi tena barua peke yangu shambani. Osea alisikiliza ile ya vidole, akaomba nirudie, nikarudia. Akacheka mara moja, kicheko kibaya, akaondoka kwenda kufungulia maji ya mpunga.

Ilipofika ile habari ya hamsini, sikuweza kuendelea. Nesta akanipokea karatasi, akamalizia yeye.

Restuta alikuwa ameketi nyuma. Hajanisemesha tangu siku ile ya mkutano. Akauliza, "Huyo wastani ni nani?"

Nikamweleza kama nilivyoelewa mimi. Kwamba wanachukua ng'ombe wote wa bonde kwenye kitabu, wanawagawa sawasawa, kila kaya inaandikiwa wake.

Akafikiri. "Kwa hiyo hata mimi nimeandikiwa?"

"Hata wewe."

"Na hao hawakuchukuliwa na mgambo?"

"Hao wamo kitabuni. Hakuna wa kuwachukua."

"Basi mwambie ndugu yako," akasema, "akija Agosti aniletee hao. Asipokuja nao, asipite kwangu."

Huo ni ujumbe wake, nimeuandika kama ulivyotoka kinywani mwake. Wangu ni mfupi zaidi. Kwangu usifikie.

Kabula